Utomvu wa mti umeganda kwenye boneti, nimeosha mara tatu hautoki. Msaada wakuu

Gia_ya_Tano
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada kabla sijafanya ujinga mwingine. Gari yangu ni nyeusi na mnajua nyeusi haifichi kitu, nikaipaki chini ya mti kama wiki mbili hivi maana nilisafiri, nikaona kivuli nikasema hapa ndo penyewe, jua halitaichoma rangi. Nimerudi nakuta boneti na paa vimejaa matone, mengine madogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti mengine mapana kama kifungo cha shati, yana rangi ya asali na ukiyagusa ni magumu kama kioo. Nikaosha na sabuni, maji yakapita juu kama hayajaona kitu. Nikaosha tena na maji ya moto, wapi. Mara ya tatu nikachukua sponji ya vyombo ule upande wa kijani nikasugua tone moja pale kona ya boneti, tone halikutoka ila pembeni yake sasa pana ukungu, pale nilipokuwa najiona uso wangu sasa pamefifia kama kioo kilichohemewa. Hapo ndo nikaacha nikaja huku.

Swali langu, kinachotoa hiki kitu ni nini? Na ule ukungu nilioutengeneza kwa mkono wangu unarudi au ndo basi tena?

Bisibisi
Petroli mkuu. Lowesha kitambaa, futa, dakika tano umemaliza. Watu mnapenda kuhangaika na vitu vidogo.

mama_wawili
Bisibisi acha kumpoteza mwenzio. Mimi nilishauriwa hivyohivyo na nikafanya kwenye bampa ambayo ilikuwa imepigwa rangi upya baada ya kugongwa, kitambaa kilikuwa cheupe baada ya kufuta mara nne tano kikawa chekundu kama nimefuta lipstiki. Rangi ikalainika pale, ikakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Utomvu ulitoka kweli sikatai, ulitoka na rangi yake. Nilipoirudisha kwa aliyenipigia rangi akanitazama tu akasema dada hii kazi yangu haikuwa na shida ulipoichukua, nikakosa la kumjibu.

Bisibisi
Dada pole ila hiyo ni rangi mbovu uliyopigiwa. Mimi rangi yangu ya kiwandani nimefuta na petroli miaka yote na iko vilevile.

Fundi Brashi
Nyote wawili mna ukweli wenu, ngoja niingie hapa maana nimeshika bunduki ya rangi miaka mingi na hizi kesi nazijua.

Rangi ya kiwandani inachomwa kwenye oveni na juu yake kuna klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi linalong'aa, imeshikana vizuri ndo maana ya Bisibisi ilivumilia petroli. Rangi ya kupigiwa mtaani inategemea aliyepiga. Akichanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha rangi, ikakauka vizuri inakuwa ngumu. Akipiga ile ya kuchanganywa na thina (dawa ya kuzimulia rangi) peke yake, isiyo na hadina, basi ijue kwamba kilichoilainisha mwanzo kinaweza kuilainisha tena hata baada ya miaka, ndo ilivyo. Na hata ile ya hadina kama haijamaliza mwezi mmoja au miwili bado inapumua, usiiguse na kemikali kali. Kwahiyo mimi mtu akiniuliza habari ya petroli au thina jibu ni hapana, maana wengi hawajui gari yao iliwahi kupigwa rangi wapi na wapi, ukinunua gari iliyotumika ndo kabisa hujui historia ya hiyo boneti.

Sasa turudi kwenye utomvu. Gia_ya_Tano umesema rangi ya asali na mgumu kama kioo, hiyo ni ile ya miti jamii ya msonobari. Ukitoka kwenye mti unakuwa mwepesi kwa sababu ndani yake kuna mafuta yanayoruka hewani, ndo yale yenye harufu unayoisikia, yakisharuka kinachobaki ni kama gundi kavu. Hiyo maji hayaigusi, hata uoshe mara mia, sabuni haiigusi. Inayeyuka kwenye spiriti, kwenye tapentaini, kwenye mafuta. Na tapentaini yenyewe inatengenezwa kwa kukeneka utomvu wa msonobari, kwahiyo ni kama unamwita ndugu yake aje amtoe.

Shida yako sio kwamba hukusugua vya kutosha. Shida ni kwamba umesugua. Ile klia ya juu unene wake ni kama mikroni 40 mpaka 50 (mikroni elfu moja ndo milimita moja), unywele wako mmoja una kama 70. Yaani unabishana na kitu kigumu juu ya kitu chembamba kuliko unywele halafu unaleta stiliwaya. Dawa ndo ifanye kazi, mkono ubaki kushikilia kitambaa tu.

Kobe Mwendo
Fundi leo umeamka vizuri 😂

Gia_ya_Tano
Fundi hapo kwenye unywele umenikata kabisa. Sasa nifanyeje hatua kwa hatua, niandikie kama unamwandikia mtoto.

Fundi Brashi
Sawa. Kwanza gari iwe kivulini (sio kivuli cha mti tafadhali) na boneti iwe imepoa, weka kiganja uone. Bodi ya moto inakausha spiriti kabla haijafanya kazi na unabaki na doa la ziada. Osha gari yote kwanza, maana ukianza kufuta penye vumbi unakuwa unapiga msasa.

Chukua spiriti, ile ya kusafishia vidonda au isopropili ya asilimia 70, ukiwa na ile ya 99 ongeza maji kidogo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, mfano ukingo wa ndani wa mlango, shikilia nusu dakika halafu futa, angalia kitambaa kama kimebeba rangi. Kikibeba rangi simama hapohapo, hiyo gari utomvu wake utoe kwa mafuta ya kupikia, sio kwa spiriti.

Kikiwa kisafi endelea. Lowesha kipande cha pamba au taulo la maikrofaiba, kiweke juu ya tone, KIWEKE, usisugue. Hesabu mpaka sitini. Inua, utaona tone limekuwa jeupejeupe juu au limeanza kunata. Pangusa kuelekea upande mmoja, geuza kitambaa upande msafi, weka tena. Tone kubwa linaweza kutaka mara sita au nane. Likianza kutoka linatoka kama pipi iliyolambwa, linapungua kutoka pembeni kwenda katikati. Usiwe na tamaa ya kulibandua na ukucha likiwa nusu.

Kila ukimaliza matone matatu manne suuza hapo na maji yenye sabuni, usiache spiriti ikakaukia kwenye rangi. Na ukimaliza yote paka nta, kwa sababu spiriti imeondoa nta yote iliyokuwepo na pale pako uchi.

mama_wawili
Naongezea kitu. Kama huna spiriti sanitaiza ya mikono inafanya kazi, zile za jeli. Zina spiriti asilimia 60 na kuendelea na uzuri wake ni kwamba jeli haitiririki, kwenye mlango au ubavuni ambako pamba inateleza unapaka tone la jeli linakaa hapohapo. Ila chagua isiyo na marashi mengi wala vile vijichembe vya kung'aa maana hivyo ni mchanga.

Mti_Mkavu
Wakuu mbona mimi ya kwangu inatoka na maji ya uvuguvugu tu? Gari ikilala chini ya mti asubuhi iko imenyunyiziwa vitone vidogovidogo vinanata, kioo chote kina utando, lakini nikimwaga maji ya moto kiasi na sabuni inaondoka yote. Nashangaa mnavyohangaika na spiriti.

Kobe Mwendo
Mti_Mkavu hiyo sio utomvu kabisa bana 😂 hiyo ni choo cha wadudu. Kuna vidudu vinaitwa vidukari, vinakaa chini ya majani vinafyonza maji ya mti, vinafyonza mengi kuliko vinavyohitaji halafu yale ya ziada yenye sukari yanatoka nyuma. Angalia chini ya jani utavikuta vimejipanga kama abiria, na sisimizi wanapanda na kushuka hapo maana wanakunywa hiyo sukari. Ndo maana inatoka na maji, ni sukari. Ila usiiache ikae, baadaye inaota kuvu mweusi kama masizi na hapo kuitoa ni kazi nyingine.

Mti_Mkavu
Daah. Na kuna siku nilionja nikaona tamu.

Kobe Mwendo
😂😂😂 uzi ufungwe

Bisibisi
Nimecheka mpaka basi. Pole mkuu.

Fundi Brashi
Kobe yuko sahihi na ni jambo la maana kuliko linavyochekesha, watu wanachanganya vitu vitatu wanaviita jina moja. Kuna hiyo ya wadudu na utomvu wa sukari, maji ya uvuguvugu yanatosha. Kuna ulimbo wa msonobari, spiriti. Halafu kuna ile ya miti inayotoa maziwa meupe ukikata jani, jamii ya mtini, hiyo ikikauka inakuwa kama mpira na spiriti haiifanyi kitu, hapo unaenda na mafuta. Mafuta ya kupikia, mafuta ya mtoto, hata WD-40, unapaka unaacha dakika kumi mpaka robo saa, inalegea unaizungusha na kidole inajikunja kama uchafu wa ufutio wa penseli.

Kwahiyo kabla hujamwaga chochote weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika tano. Hicho kilichoganda kikilegea na kuyeyuka, umemaliza bila gharama. Kikigoma, spiriti. Spiriti ikigoma, mafuta. Unaanza na kilicho laini unapanda, sio unaanza na petroli halafu unashuka kwenda kwa fundi.

Bisibisi
Hiyo ya mwisho nimeipokea 🙌

Chuma Chakavu
Vipi barafu? Nilisikia ukiweka barafu utomvu unapasuka wenyewe.

Fundi Brashi
Barafu inasaidia kwenye bonge nene tu. Unaweka vipande kwenye mfuko wa plastiki unagandamiza dakika mbili tatu, bonge linakuwa kavu kama pipi, unalisukuma na kadi ya plastiki ile laini, linaruka juu juu. Kinachobaki chini bado unahitaji spiriti. Na kama klia yako imeshaanza kubanduka kama magamba usifanye hii, utaondoka na gamba zima.

Chuma Chakavu
Na mafuta ya taa?

Fundi Brashi
Yanalegeza, sio makali kama petroli. Ila yanaacha utando wa mafuta na harufu, usipoosha vizuri na sabuni baadaye vumbi lote la barabarani litahamia pale na nta haitashika. Mimi ningeyatumia kama sina kingine. Na iwe petroli, spiriti au mafuta ya taa, asiwepo mtu anavuta sigara hapo pembeni na usifanye ndani ya chumba kisicho na hewa. Thina na ile asetoni ya kuondolea rangi za kucha mimi sizitaji kabisa, hizo ni za kuondolea rangi, na kucha zina rangi na gari ina rangi, hazijui tofauti.

Gia_ya_Tano
Wakuu nimerudi na mrejesho. Leo asubuhi nimeamka mapema bodi ikiwa baridi, nimehesabu matone kwenye boneti peke yake, 31. Nimejaribu ukingo wa mlango kwanza kama fundi alivyosema, kitambaa kikatoka cheupe, nikapumua.

Tone la kwanza nilichagua dogo. Nimeweka pamba nimehesabu sitini, nikainua, hakuna kilichobadilika, nikasema hawa watu wamenidanganya. Nimeweka tena. Mara ya pili nikaona pembezoni pamekuwa na unyevu unaonata na ile harufu ya mti ikanijia puani, yaani kitu kilichokuwa mfu kwa wiki kinanukia upya. Mara ya tatu likaondoka lote na pamba, chini yake rangi inang'aa kama mpya. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Nikaja kugundua kwamba badala ya kusimama kwenye tone moja unaweza kuweka vipande vya pamba juu ya matone sita kwa pamoja, ukimaliza kuweka la sita lile la kwanza liko tayari. Kama mtu anageuza chapati. Nimemaliza 27 kwa saa moja na nusu hivi. Mgongo unauma ila mkono haujasugua.

Yamebaki manne makubwa. Mawili yanaendelea kupungua. Mawili yametoka ILA chini yake yameacha duara, ukisimama moja kwa moja hulioni, ukiinama ukatazama kwa mwanga wa pembeni unaliona kama alama ya glasi kwenye meza. Hilo ni nini fundi?

Fundi Brashi
Safi sana, na hiyo ya kupanga pamba sita ni akili ya kifundi.

Hilo duara ni alama. Utomvu ukikauka unajivuta, na jua likiupiga unakuwa moto unapoa, moto unapoa, klia chini yake nayo inavutwa inaharibika uso. Yale matone mapana na yaliyokaa muda mrefu ndo yanafanya hivyo. Pitisha ukucha polepole juu ya hilo duara, bila kugandamiza. Ukucha unakwama au unateleza?

Gia_ya_Tano
Moja unateleza kabisa, sihisi kitu. La pili nahisi kama kuna ukingo kidogooo.

Fundi Brashi
Basi lile linaloteleza linatoka na polishi ya mkono, ile laini kabisa ya kumalizia, na taulo la maikrofaiba, unazungusha kidogo kidogo eneo la ukubwa wa kiganja, unafuta unaangalia. Huo ukungu wako wa sponji nao utatoka kwa dawa hiyohiyo, labda uanze na kompaundi kidogo, ile dawa ya kusugulia iliyo kali kuliko polishi, halafu umalizie na polishi, maana ile sponji imeacha mistari mingi midogo na ukungu unaouona ni hiyo mistari inavyotawanya mwanga. Kwahiyo sio basi tena, unarudi.

Lile lenye ukingo punguza kwa kompaundi mpaka lisionekane ukiwa umesimama halafu LIACHE. Usimruhusu mtu akuletee msasa wa maji hapo kwa ajili ya duara moja. Msasa namba 2000 mkononi mwa anayejua unatoa hiyo alama, mkononi mwa asiyejua unatoa klia yote na hapo tunaongelea kupiga rangi boneti nzima. Kila kompaundi nayo inakula klia kidogo, haikui tena kama kucha.

Kobe Mwendo
Kabla ya polishi si apitishe ule udongo wa kusafishia bodi? Mimi nikipitisha kiganja baada ya kutoa utomvu huwa nasikia vijipunje.

Fundi Brashi
Ndiyo, vizuri umekumbusha. Udongo unatoa mabaki yale macho hayaoni ila kidole kinayasikia. Maji ya sabuni mengi yawepo, udongo uteleze, ukisikia unakwaruza ongeza maji. Ukiuangusha chini hata mara moja tupa, usijidanganye kwamba umeuosha, mchanga umeingia ndani na utaenda kuchora duara zuri kwenye mlango. Ila usiutumie kwenye matone mazima, udongo ni wa mabaki.

mama_wawili
Kioo cha mbele je? Ya kwangu iko pale waipa inapopita, nikiwasha inaburuta utomvu inaacha upinde wa ukungu ndo nashindwa kabisa kuona usiku magari yakija.

Fundi Brashi
Dada usiwashe waipa kabisa mpaka utoe. Kioo ni rahisi kuliko rangi, spiriti hiyohiyo bila kuongeza maji, na likigoma wembe mpya unaulaza, usiusimamishe, kioo kiwe kimeloa sabuni, unasukuma mbele tu usirudishe nyuma. Kuwa makini na mistari ya hita ya kioo cha nyuma, huko wembe usifike, na kama kioo kina ile filamu nyeusi kwa ndani hiyo ni ndani ni sawa, wewe unafanya nje. Halafu inua waipa ufute ule mpira wake na kitambaa cha spiriti mpaka kitambaa kiache kutoka cheusi, la sivyo utasafisha kioo waipa inarudisha.

Taa za mbele usipeleke wembe wala petroli wala asetoni. Zile ni plastiki, zinaingia nyufa ndogondogo ndani kwa ndani zinakuwa kama utando wa buibui. Maji ya uvuguvugu na mafuta, uvumilivu.

Bisibisi
Fundi swali la kijinga. Kama spiriti inayeyusha utomvu kwanini haiyeyushi klia?

Fundi Brashi
Sio la kijinga. Utomvu umekauka tu, haujashikana, kila chembe imekaa peke yake, ikipata cha kuiyeyusha inarudi kuwa maji. Klia yenye hadina imeungana yenyewe kwa yenyewe kama wavu, huwezi kuitoa uzi mmoja mmoja, kwahiyo inavimba kidogo ukiiacha imelowa muda mrefu ila haiyeyuki. Ndo maana nasema sekunde sitini na sio ulale nayo. Na hii hapa itakuchekesha, zamani kabla ya haya madawa ya viwandani vanishi zenyewe zilikuwa zinapikwa kwa sandarusi na tapentaini, yaani utomvu wa miti. Leo ndo tunaulilia ukidondoka juu.

Gia_ya_Tano
Mrejesho wa mwisho wakuu. Paa nimemaliza jana jioni, lilikuwa na machache. Boneti nimepitisha udongo, nimepiga polishi kwa mkono, ukungu wa sponji umeondoka kama asilimia tisini hivi, nikijua pa kutazama naona lakini wife nilimwambia atafute akashindwa. Duara la kwanza hakuna. Duara la pili lipo, nimepiga kompaundi mara mbili, nikachukua ya tatu mkononi nikakumbuka habari ya unywele nikairudisha kwenye kopo. Nimepaka nta mara mbili, maji yakidondoka sasa yanakimbia.

Kimebaki kitu kimoja, kuna tone limeingia kwenye mpira wa mlango, ule wa kuzuia maji, mlango ukifungwa unanata ukifungua unalia kama plasta inabanduliwa. Huko nako spiriti?

Fundi Brashi
Huko kidogo tu na kijiti cha masikio, usiloweshe, halafu paka mafuta ya silikoni maana spiriti inaukausha mpira. Usitumie WD-40 wala mafuta ya taa hapo, mpira wa namna hiyo unavimba.

Gia_ya_Tano
Kijiti cha masikio ninacho. Naenda.

Mti_Mkavu
Na mimi nimeenda kuangalia chini ya majani leo. Wako. Wamejipanga kweli.